Mafungo ya kimya Kitunda: Shajara ya karani wa korosho

Kalamu zilikusanywa pamoja na simu, kwa hiyo haya nimeyaandika baada ya kurudi, siku moja moja kama nilivyozikumbuka.

Jumamosi

Kosta ya Masasi iliondoka Newala alfajiri ikiwa imejaa hadi mlangoni. Mjomba nilikuwa nimeshamuaga. Kwetu Wamakonde mtu halali ugenini wiki nzima bila mjomba kujua, hata kama ana wajukuu wake mwenyewe. Nilimwambia nakwenda Lindi kukaa kimya na watu wanaofuata mafundisho ya Budha. Aliuliza mambo mawili tu: kuna sanamu ya kusujudiwa? Swala zako je? Nikamjibu sanamu hakuna, swala ruksa. "Basi nenda, mwanangu," alisema. "Itikafu nayo ni kukaa."

Mwezi nilioteua ni Mei, kwa sababu ya kazi. Mimi ni karani wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima. Mwezi Mei korosho zimeshauzwa mnadani na wakulima wameshalipwa, ufuta bado haujafika ghalani. Karani anayetaka kupotea bila kutafutwa na wakulima apotee hapo.

Masasi nikabadili gari. Tulipopita Ndanda abiria mwenzangu aliniuliza ninakokwenda, nikamwambia, akacheka: mtu mzima, na akili zake, anakwenda kulipia kunyamaza? Nikamwonyesha minara ya abasia dirishani. Wabenediktini, watawa wa Kikatoliki, wako hapo tangu 1906, na sehemu kubwa ya siku yao ni sala na kimya, na hakuna anayewacheka. Tena kabla yao sisi wenyewe tulikuwa na jando na unyago. Mwari hutengwa, huamshwa usiku, hukatazwa vyakula, hufundishwa mambo ambayo hayafundishiki barazani. Watu wa kusini hatuhitaji Mhindi wala Mzungu wa kutueleza kwa nini mtu hutolewa kwenye kelele ili ajifunze. Yule bwana akakubali nusu. Nusu iliyobaki alisema ni ya njaa: "Unyago wenu una ngoma na pilau."

Nyangao, Mtama, Mnazi Mmoja. Hapo Mnazi Mmoja nikanunua ming'oko, viazi vya porini, ya kuchemsha kwa mama mmoja wa barabarani nikaila yote, kwa sababu nilijua usiku hakutakuwa na chakula. Kufika Lindi mjini nikavuka na pantoni hadi Kitunda. Ukisimama ng'ambo hiyo unaona mji wote wa Lindi umelala upande wa pili wa maji, na kelele zake hazikufikii.

Nyumba ni ya ukoo mmoja uliohamia Dar es Salaam. Mabati, veranda pana, minazi hadi ufukweni. Tulikuwa wachache: nesi mstaafu wa Nachingwea, mwalimu wa sekondari kutoka Mtama, mtu na mkewe wa Dar, na kijana fundi simu wa Mtwara mjini. Mwalimu wetu ni mama wa miaka sitini na kitu aliyekuwa mkunga. Tafakuri aliianzia kwenye hekalu la Wabudha la Dar es Salaam, lile lililoanzishwa na Wasinhala waliokuja kutoka Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo, mwanzoni mwa karne ya 20, kisha akaenda kujifunza zaidi Sri Lanka. Hana kipara wala vazi la rangi ya machungwa. Amevaa gauni la kitenge na kandambili.

Jioni tulipokea masharti manane: kutoua, kutoiba, kujizuia kabisa na tendo la ndoa, kutosema uongo, kutotumia kilevi, kutokula baada ya saa sita mchana, kuacha muziki na manukato na mapambo, kutolalia kitanda cha anasa. Mtu na mkewe walipewa vyumba viwili tofauti. Simu zikaingia kwenye ndoo yenye kifuniko, na kijana fundi akatoa tatu, moja baada ya nyingine, huku tukimtazama. Baada ya hapo, kimya. Hata salamu na kutazamana machoni vinaachwa. Kwa mtu wa pwani kuacha salamu ni kazi ngumu kuliko kuacha chakula.

Jumapili

Rimu ya gari iliyoning'inizwa kwenye mwembe iligongwa saa kumi alfajiri. Yalikuwa maji mafu, bahari imejivuta na haivumi. Niliswali baadaye, adhana ilipolia msikiti wa Kitunda, na hakuna aliyeniuliza kitu.

Njia tuliyofundishwa ni ya Mahasi Sayadaw, mtawa wa Burma, ambayo leo inaitwa Myanmar. Alizaliwa 1904 akafariki 1982, na tangu 1949 alifundisha Rangoon kwenye kituo ambako watu wa kawaida, wenye maduka na wafanyakazi wa serikali, walikuja kukaa wiki kadhaa kisha wakarudi makazini. Unakaa, unafumba macho, unalitazama tumbo. Linapopanda unasema moyoni "linapanda", linaposhuka "linashuka". Ukiwaza unasema "nawaza". Ukisikia jogoo, "nasikia". Goti likiuma, "linauma". Huongezi neno. Ni kazi ya karani wa mizani: gunia likija unaandika kilo zake, hugombani nalo wala huulizi bei, unasubiri linalofuata.

Saa nzima kukaa, saa nzima kutembea, tena kukaa, tena kutembea, hadi saa tatu usiku. Chai na mihogo saa kumi na mbili asubuhi. Saa tano chakula kikuu: wali, kunde, kisamvu cha nazi. Baada ya hapo ni maji na juisi ya ukwaju iliyochujwa. Kwetu tunaofunga Ramadhani huu ni mfungo uliogeuzwa, unashiba mchana na usiku unalala mtupu. Sababu yake aliieleza mwalimu usiku: watawa wa kale waliishi kwa kupewa chakula na wanakijiji, wakaagizwa wapite asubuhi tu, wasiwasumbue watu mara mbili. Nilipenda kwamba sababu ni adabu kwa mpishi.

Nyama na samaki hatukupikiwa, ingawa Budha mwenyewe hakuwakataza watawa nyama wanayopewa, ili mradi mnyama hakuchinjwa kwa ajili yao. Jambo hilo nilikumbuka kila asubuhi harufu ya vibua vya kukaanga ilipotoka nyumba ya jirani.

Kutoua ni pamoja na mbu. Wa Kitunda wanalijua hilo.

Jumatatu

Kutembea kwao siyo matembezi. Unachagua njia ya hatua kama ishirini, unakwenda mwisho, unageuka, unarudi. Mguu unanyanyuliwa, unasogezwa, unatuliwa, na kila tendo unalijua. Ukikaza akili, hatua moja inachukua muda wa kumeza tonge.

Watoto wa Kitunda walitoka shule saa nane wakatukuta mchangani, kila mtu kainamisha kichwa, anasogea kidogo kidogo. Walisimama kwanza kwa heshima. Halafu mmoja akauliza kwa sauti, "Wale wamepoteza nini?" Mwingine akasema hereni. Baada ya muda wote walikuwa wamechuchumaa wanachambua mchanga kutusaidia, na wakubwa wakawapangia wadogo maeneo. Kitoto kimoja cha kike kiliokota sarafu ya shilingi mia, kikamkimbilia nesi mstaafu. "Bibi, hii hapa!"

Nesi alisimama. Kusema haruhusiwi, kusema uongo haruhusiwi, na ile pesa siyo yake. Aliipokea kwa mikono miwili, akaizungusha, akamrudishia mtoto kiganjani na kukifumba kile kiganja. Msako wa hereni ukageuka msako wa sarafu na ufuko mzima ukafukuliwa hadi magharibi. Mimi nilicheka kimoyomoyo hadi machozi, na nikaandika moyoni: "nacheka, nacheka."

Kuna upande mwingine wa mambo haya usiochekesha. Watu wanaotembea polepole gizani saa kumi za alfajiri, bila kumsalimu mtu, huku kwetu wana jina lao, na jina hilo limeshawaponza wengi. Mwalimu alikuwa amekwenda kwa mwenyekiti wa mtaa mapema, akampa taarifa na kumkaribisha aje kuona. Anayetaka kuandaa mafungo ya namna hii kijijini na asianze na mwenyekiti, hajui anacheza na nini.

Jumanne

Goti la kushoto.

Nilikuwa nimekalia gunia tupu la korosho lililokunjwa juu ya mkeka. Viti vya plastiki vilikuwepo kwa anayetaka, na mwalimu wa Mtama alikitumia tangu siku ya kwanza bila aibu. Mimi nilibisha. Baada ya kama nusu saa goti likaanza. Nikaandika "linauma", nikarudi tumboni. Likaniita tena. Mwalimu alikuwa ametuambia maumivu yakiwa makali kuliko pumzi, basi iache pumzi uyatazame yenyewe, kwa karibu, uone yako wapi hasa.

Nikayatazama. Nilichokuwa nakiita maumivu ya goti hakikuwa kitu kimoja. Kulikuwa na joto chini ya kifuniko cha goti. Kulikuwa na mchomo uliopita kwenda ugokoni ukafa. Kulikuwa na mkazo kwenye paja ambao haukuuma kabisa, ila ndio uliokuwa unanitisha. Joto likapungua, mchomo ukaja mahali pengine, ukaondoka. Na juu ya vyote kulikuwa na sauti ikisema utatoka hapa kilema, ukoo utacheka, na sauti hiyo ndiyo ilikuwa na maumivu mengi kuliko goti. Rimu ilipogongwa nilinyoosha mguu, na mara ile ile hakukuwa na chochote.

Kila siku mtu huenda kwa mwalimu dakika chache kutoa ripoti. Nilimweleza. Akauliza, "Ulipoyatazama, yalikaa au yalibadilika?" Nikasema yalibadilika. "Haya. Endelea." Nilitegemea pongezi kidogo.

Hotuba ya usiku ilikuwa juu ya hilo: kila kitu hakidumu, kisichodumu hakiridhishi, na ndani ya vyote hivyo hakuna kitu cha kudumu cha kuitwa nafsi. La kwanza nalikubali, Kurani inasema kila kilicho juu ya ardhi kitatoweka. La pili nalikubali pia, kila mkulima wa korosho analijua. La tatu nililikataa palepale. Mimi naamini nina roho na itaulizwa. Maswali kwa mwalimu yanaruhusiwa, nikamwuliza mbele ya wote. Hakubishana nami. Alisema anayeamini roho na asiyeamini wote wawili wana goti, na kazi ya wiki hii ni goti. Sikuridhika na jibu hilo, hadi leo sijaridhika, lakini niliona ni la mtu asiyetaka kuniibia dini yangu.

Jumatano

Siku hii niligundua nilikuja na ghala zima kichwani.

Msimu uliopita kulitokea magunia ambayo kwenye daftari langu yapo na kwenye daftari la karani mwenzangu hayapo. Yalipatikana, hesabu ikafungwa, wakulima wakalipwa. Ila maneno aliyoyasema mbele ya wajumbe siku ile hayakufungwa. Basi asubuhi nzima nilikaa mbele ya bahari ya Lindi nikimjibu. Nilimjibu kwa upole, nikamjibu kwa ukali, nikamwita mjomba wake, nikaitisha mkutano mkuu. Kila nilipoandika "nawaza" nilipata nafasi ya pumzi moja, halafu mkutano ukaendelea na ajenda yake.

Nilipokwenda kuripoti nikaanza kumsimulia mwalimu habari za yale magunia. Akaninyanyulia kiganja. "Dada, nieleze kifua. Karani mwenzako hayupo hapa."

Kifua? Nilirudi kukaa nikiwa nimeudhika, na kwa kuwa nimeudhika niliweza kukitazama. Na ni kweli. Kabla ya sentensi yoyote ya kumjibu yule mtu, joto lilikuwa linapanda katikati ya kifua, taya linakaza, kisha ndipo neno linakuja. Siku zote nimeamini kwamba nafikiria alichonifanyia ndipo nakasirika. Pale mpangilio ulikuwa kinyume: moto kwanza, kesi baadaye. Nilipoandika "joto, joto" mapema, mara nyingine kesi haikufunguliwa. Mara nyingine ilifunguliwa hata hivyo, na mashahidi juu. Kama kuna kitu kimoja nilichokipata Kitunda ni hiki, na kilinigharimu kutwa nzima.

Usiku mwalimu alisimulia njia hii ilikotoka. Mahasi alipitisha miaka ya vita kijijini kwao Seikkhun, karibu na Shwebo, akifundisha watu kukaa huku nchi inapigwa mabomu. Mwalimu mwingine mkubwa wa Burma, U Ba Khin, alikuwa mtu wa hesabu: nchi ilipopata uhuru 1948 ndiye aliyekuwa Mhasibu Mkuu wa Serikali wa kwanza, na aliwafundisha tafakuri makarani wa ofisi yake. Hapo nilikaa wima.

Lakini lililonishika zaidi ni jina la nchi. Babu yangu alikuwa keya, askari wa jeshi la Waingereza la King's African Rifles. Wanaume wengi wa kusini walichukuliwa vita vile, na mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilitembea bonde la Kabaw katikati ya masika ya kule hadi mto Chindwin, wakiwafuata Wajapani, wakiugua malaria na homa za porini. Babu aliita nchi hiyo Bama. Hakusimulia zaidi ya matope, nyumbu wa kubeba mizigo, na mvua isiyoisha. Sisi watoto tulidhani Bama ni mahali pa vita tu, mahali pasipo na watu. Sikuwahi kuwaza kwamba wakati babu anavuka Chindwin na bunduki, ndani ya nchi ile ile kulikuwa na mtawa anayewaambia wanakijiji watazame tumbo linapanda na kushuka. Usiku huo sikuandika "nawaza". Niliwaza makusudi, hadi usingizi.

Alhamisi

Mvua kuanzia asubuhi. Kutembea kulifanyika verandani, tukipishana bila kugusana. Nilisinzia kila kikao. Mwalimu alisema "andika usingizi", na niliuandika hadi nikalala nauandika.

Ijumaa

Mwezi mpevu wa Mei ni Vesak. Wabudha wa Theravada, madhehebu ya Sri Lanka na Burma, huukumbuka usiku mmoja kwa mambo matatu: kuzaliwa kwa Budha, kuamka kwake kiroho chini ya mti wa bodhi, na kufa kwake. Umoja wa Mataifa uliitambua siku hiyo mwaka 1999. Kwa Kitunda mwezi huo maana yake ni bamvua. Rimu ilipogongwa saa kumi, maji yalikuwa yamejaa hadi kwenye mizizi ya minazi, tukasikia yanapiga chini ya veranda. Ilipofika saa nne asubuhi bahari yote ilikuwa imekupwa, na wanawake wakateremka na vijiti na ndoo kuchokoa pweza kwenye miamba, wanaongea, wanatukanana kwa utani, wanacheka. Baada ya wiki ya kimya, mazungumzo yao yalikuwa matamu kiasi kwamba niliacha tumbo nikasikiliza ndoa za watu. "Nasikia," niliandika, kwa uaminifu kabisa.

Nilijiuliza kuhusu pweza na lile sharti la kwanza. Mwalimu hakuwahubiria wale wanawake chochote, na angewahubiria ningechukua begi langu. Masharti ni ya aliyeyapokea.

Kijana fundi simu alikwenda swala ya Ijumaa na kurudi bila kufungua mdomo. Alipita katikati ya wazee wa msikiti bila kutoa salamu kwa sauti, mkono tu kifuani. Kitunda watalizungumza hilo mwaka mzima.

Jioni, mshumaa mmoja mezani, na tafakuri ya metta: unajitakia heri wewe, kisha umpendaye, kisha usiyemjua vizuri, kisha mtu mliyekosana. Nilimweka karani mwenzangu pale. Sikumpenda. Kifua kilipata uvuguvugu tu.

Jumamosi

Kimya kilivunjwa wakati wa chai, na mara moja tukawa watu wa kelele mno. Nesi aliwaiga watoto wa hereni. Mume wa Dar alimwuliza mkewe, kwa sauti ya mgeni, "Hujambo?" Kijana fundi alifunguliwa ndoo, akatazama simu zake tatu bila kuwasha hata moja, akasema ana njaa ya vibua. Alirudi navyo, tukala.

Ada hakuna. Kwenye mlango kuna kapu la ukili lenye kifuniko, unaweka unachoweza na hakuna anayetazama. Mwalimu halipwi. Nayataja haya kwa sababu naona matangazo ya mahoteli ya ufukweni yanayouza kimya hiki kwa dola, na kitanda kikubwa juu yake, na picha ya mtu anayetabasamu kafumba macho. Sisemi ni wizi. Nasema sikuona mtu akitabasamu kafumba macho Kitunda, ila kijana fundi siku ya Alhamisi, naye alikuwa amelala.

Kwa anayetaka kwenda: usiende wakati wa msimu, utahesabu magunia. Mwislamu abebe msala wake, ratiba inaacha nafasi za swala zote. Mwenye vidonda vya tumbo au anayetumia dawa za sukari amwambie mwalimu kabla, chakula cha jioni atapewa, na hilo si kuvunja sharti. Mwenye msiba mbichi au anayesumbuliwa na akili asubiri kwanza. Mwalimu alimkatalia mtu mmoja kwa sababu hiyo, na nadhani alifanya vizuri. Kiti cha plastiki si aibu. Dawa ya mbu ya kupaka inaruhusiwa, kwa sababu inafukuza, haiui. Na chandarua njoo nacho mwenyewe, nilichopewa kilikuwa na matundu.